Matone ya Baba Nice

Leodegar Tarimo hakuwa na cheti cha darasa la nane. Hakuwa na gari, hakuwa na simu dukani, hakuwa na suti. Kihamba hakuwa nacho, maana alizaliwa wa katikati, na huko kwao Rombo shamba la baba huenda kwa mtoto wa kwanza na kwa kitinda mimba. Wa katikati hupewa baraka na nauli. Hakuwa na fungu la nyama ukweni. Mbuzi akichinjwa wakati wa Krismasi, kila mkwe alipewa sehemu inayolingana na heshima yake, na Leodegar alipewa ile ambayo hata mpita njia asingenyimwa. Tena kulikuwa na kitu kimoja alichokikosa bila mwenyewe kujua kwamba anakikosa: hakuwa na ulimi wa kusema "nimekosea."

Alichokuwa nacho alikipata kwa mgongo wake. Alikuwa na duka la chumvi katika Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na vyumba viwili nyuma ya duka. Alikuwa na mke, Theopista, na binti mmoja, Nice, aliyekuwa kidato cha tatu. Alikuwa na kabati la vitabu lenye kioo. Kusoma alijifunza akiwa na miaka ishirini na sita, katika madarasa ya jioni pale Mnazi Mmoja, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia katika ghala la Bwana Devendra. Tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kusomwa, hata ikiwa imefungiwa maandazi.

Mwaka huo wa 1996 Kariakoo iliuza kila kitu. Ruksa ya kuagiza bidhaa ilikuwa imetoka, na ruksa haichagui: viatu vya Dubai, sabuni za nchi ambazo mwalimu wa jiografia hazijui, dawa za kila rangi zimepangwa mezani kama pipi. Katikati ya wingi huo bwana afya alipita madukani akigawa karatasi ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba rovu, yaani ule uvimbe wa shingoni, huletwa na upungufu wa madini joto, na kwamba watu watumie chumvi iliyotiwa madini hayo.

Leodegar aliisoma mara tatu akipigia mistari. Theopista alikuwa na rovu tangu usichana wake, dogo kama yai la kanga, na mama yake mzazi alikuwa nalo kubwa zaidi. Mlimani watu hawakuliita ugonjwa. Walisema ni urithi, kama pua.

"Hapa pameandikwa upungufu," Leodegar alimwambia mkewe, kidole juu ya karatasi. "Na dawa ya upungufu ni nini?"

"Wewe ndiye msomaji," Theopista alijibu.

"Ni kuongeza. Sasa kama punje ndani ya chumvi inasaidia, yale madini yenyewe yakinywewa yatafanya nini?"

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mwuza dawa wa mezani, akarudi na kichupa cha kahawia kilichoandikwa kwa lugha ambayo madarasa ya jioni hayakuifundisha. Akajipangia kipimo mwenyewe: matone matano asubuhi, matano jioni, ndani ya glasi ya maji. Wakati wa Pasaka alimwandikia shemeji yake Ansbert, ndugu wa Theopista na mhasibu wa Moshi, barua ya kurasa mbili kuhusu ugunduzi huo.

Mwezi wa tatu wa matone Theopista akawa mtu mwingine.

Yeye ndiye aliyekuwa akifungasha chumvi katika mifuko ya nailoni ya nusu kilo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapima, unakunja mdomo wa mfuko juu ya kipande cha msumeno, unaupitisha kwenye moto wa mshumaa, nailoni inayeyuka na kushikana. Ukikawia inatoboka, ukiharakisha haishiki. Pakiti za Theopista zilijulikana sokoni kote kwa mshono wake ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Zamani alifunga thelathini kwa saa. Sasa alifunga sitini, halafu akafagia, akapanga magunia, akamwogesha paka wa jirani, na bado saa mbili haijagonga.

"Baba Nice, za asubuhi?" alisalimu Zamzam, mama ntilie wa mtaa wa pili, aliyekuja kuchukua chumvi ya kutwa. "Au salamu nazo zimepanda bei?"

"Salamu bado bei ya serikali. Njema, Zamzam."

"Huyu mwenzangu umemfunga mota? Namwona tangu alfajiri hajakaa."

"Si mota. Ni elimu," alisema Leodegar, na sauti yake iliwafikia wachukuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara. "Mwili ulikuwa unadai madini, nimeulipa. Mtazame. Anakula sahani mbili za ndizi na haongezeki hata kilo. Kazi inachoma yote."

"Mimi nikila sahani mbili mlango unanikataa," alisema Zamzam. "Niuzie na mimi hiyo elimu."

Watu wakacheka, Theopista naye akacheka huku akijipepea kwa kifuniko cha boksi. Alikuwa amevaa gauni moja jepesi, khanga ameitupa juu ya gunia la tatu kutoka pale alipo, na jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wote, ingawa ilikuwa Julai na wenzake walikuwa wamejifunika. Leodegar alimtazama kwa fahari. Majira hayo kila mtu Kariakoo alikuwa anakimbilia maisha, na mke wake alikuwa anawapita wote.

*

Agosti pakiti zikaanza kuvuja.

Zamzam alirudi na tatu mkononi, akazitua juu ya kaunta. Chumvi ilitiririka kutoka kwenye matundu madogo, mawili matatu katika kila mshono.

"Mama Nice, hii nimeiweka kwenye kapu pamoja na sukari. Chai yangu leo imenunua ugomvi."

"Umeitoboa mwenyewe," alisema Theopista.

"Nimetoboa na nini, shoga, na meno?"

Theopista alichukua mfuko mpya ili amwonyeshe. Alipoupeleka kwenye mshumaa, mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi. Nailoni iliungua, ikanuka, ikadondoka nyeusi. Akachukua wa pili, ukaungua. Wa tatu aliutupa pamoja na chumvi yake, ukampata Zamzam kifuani.

Watu hawakukawia kujaa. Mchukuzi mmoja akasema hiyo ni ya asubuhi asubuhi, huku akiinua kidole gumba mdomoni kama chupa. Mwingine alinong'ona, lakini mnong'ono wa Kariakoo hutengenezwa ili usikike: "Pombe gani. Huoni alivyokwisha? Ndio ule ule ugonjwa wa siku hizi. Na mzee naye hesabu zake ziko njiani."

Leodegar alisikia. Aliokota mifuko, akamrudishia Zamzam pesa na pakiti mbili juu yake. Zamzam hakuzitazama. Alimtazama Theopista shingoni, pale mshipa ulipokuwa unapigapiga, akaondoka bila neno la mzaha, na hilo lilimuumiza Leodegar kuliko maneno ya wachukuzi.

Wakati wa chakula cha mchana Nice aliweka kitabu chake cha baiolojia karibu na sahani.

"Baba, hapa wanasema tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu anakonda, anatetemeka, anasikia joto. Wanasema moyo unaenda mbio."

"Nani amesema tezi ya mama yako inazidi? Karatasi ya serikali imesema upungufu."

"Imesema upungufu unaleta rovu. Haijasema kila mwenye rovu..."

"Nilikuwa nasoma kabla hujazaliwa, Nice. Kula."

Theopista alikuwa amemaliza sahani yake na anamega ugali wa bintiye. Leodegar alifikiri kwa makini, kama alivyofundishwa kufikiri Mnazi Mmoja: kama mwili unatetemeka, basi bado una upungufu. Jioni hiyo akaongeza matone kutoka matano kuwa manane.

*

Ijumaa ilipofika alikuja Bibi Indumati, mke wa Bwana Devendra, mwenye jengo. Alitoka Upanga kila mwezi kuchagua mwenyewe chumvi ya mawe kwa ajili ya achari yake. Alisema chumvi ya kuagiziwa haina adabu. Alikuwa amemjua Leodegar tangu akiwa na magunia kichwani, na ndiye mtu pekee Kariakoo aliyemwita kwa jina lake.

"Mama Urvish, karibu," alisema Theopista, akimwita kwa jina la mwanawe, akisimama, akikaa, akisimama tena.

Indumati aliushika mkono wa Theopista, akageuza saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu huku midomo ikicheza.

"Mia moja na thelathini na sita," alisema. "Na umesimama tu hapa. Unalala?"

"Usingizi wa nini, mama, na kazi hii?"

"Damu ya mwezi?"

Theopista alimtazama mumewe kwa haya, akatikisa kichwa. Indumati akafungua ushanga wake mnene wa shingoni, ule ambao watu wa mtaa walidhani ni wa kujionyesha utajiri. Chini yake palikuwa na kovu jembamba kutoka upande mmoja wa koo hadi mwingine.

"Bombay, mwaka sabini na nane," alisema. "Na mimi nilikuwa hivi hivi. Nafua mapazia usiku, nahesabu hesabu za ghala mara tatu. Devendra alifikiri nimepata bidii. Alifurahi miezi minne, yule mzee. Mwezi wa tano moyo ulitaka kusimama." Akamgeukia Leodegar. "Kesho mpeleke hospitali. Nitampigia simu daktari ninayemfahamu. Usingoje Jumatatu."

"Ahsante, mama. Lakini sisi tayari tupo kwenye tiba. Ni upungufu."

"Leodegar. Upungufu gani unakimbia hivi?"

Leodegar akampimia chumvi yake, akamwongezea nusu kilo ambayo hakuiomba.

*

Daktari Elisaria, yule aliyepigiwa simu na Bibi Indumati, alikuwa kijana, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwamkia Leodegar shikamoo. Hilo lilimtuliza kidogo. Alimwambia Theopista anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vilivyonyooka, karatasi ikachezacheza. Alisimama nyuma yake, akamshika shingo kwa vidole viwili viwili, akamwambia ameze mate.

"Rovu hili lina muda gani?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Na limekuwa kimya miaka yote. Kitu gani kimeliamsha?" Alichukua kalamu. "Kuna dawa yoyote anatumia? Ya hospitali, ya kienyeji, ya dukani?"

Theopista aligeuza uso wake taratibu kumwelekea mumewe, macho yamefunguka mno kama ya mtu aliyeshtushwa, na akamngoja.

Chumba kilikuwa na wauguzi wawili na mwanafunzi wa udaktari. Leodegar aliona jinsi neno lile litakavyotoka mbele yao, na jinsi mwanafunzi atakavyolisimulia kwa wenzake: mzee mmoja wa Kariakoo, muuza chumvi, kajifanya daktari.

"Chumvi tu," alisema. "Ya madini joto. Kama serikali inavyoelekeza."

Daktari aliandika. Theopista aliinamisha uso, akatazama mikono yake. Walichukua damu ya kipimo, shilingi elfu kumi na nne, majibu wiki moja, kwa kuwa mashine ilikuwa na foleni kama mashine yoyote ile.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Leodegar alijua sasa, au nusu ya moyo wake ilijua. Lakini kumwambia mkewe "acha matone" kungekuwa ni kusema yale ambayo hakuyasema mbele ya daktari. Na Theopista, kwa sababu hakuambiwa aache, aliendelea kuyahesabu ndani ya glasi kila asubuhi, mkono unatetemeka, mengine yanadondoka mezani na kuacha alama za rangi ya kutu.

Siku ya tano barua ilifika kutoka Moshi.

"Kwako shemeji mpendwa," Ansbert aliandika. "Mama ameisikia habari ya dawa yako na amefurahi sana. Nimeisoma barua yako mbele ya jumuiya baada ya ibada. Tumewahesabu wenye rovu, wako ishirini na saba, Mama akiwa wa kwanza. Tafadhali tuletee vichupa ishirini na saba. Wazee wamesema Krismasi hii mbuzi utamkata wewe kwa mkono wako, na siku hizi hapa nyumbani unaitwa Mwalimu."

Leodegar aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Ilikuwa miaka ishirini na tatu tangu waoane. Katika miaka hiyo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumwita kwa jina linalozidi "baba Nice." Mwalimu. Mkwe wa darasa la jioni, mwana wa katikati, atashika kisu mbele ya mhasibu. Adhuhuri hiyo alitoka kwenda kwa mwuza dawa, akalipa, akarudi na katoni. Aliiweka juu ya kaunta na alikuwa anatafuta kamba ya kuifunga aliposikia kishindo.

Theopista alikuwa ameanguka kati ya magunia mawili. Hakuzimia. Alikuwa macho, amefumbua mdomo kama samaki, mkono mmoja umeshika gauni kifuani.

"Baba Nice," alisema, "moyo unatoka."

*

Zamzam ndiye aliyesimamisha teksi, na Zamzam ndiye aliyempakata kichwa Theopista kwenye kiti cha nyuma. Walipokuwa wanapita Mnazi Mmoja, pale ambapo Leodegar alikuwa amejifunza alfabeti, hakutazama nje. Alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umeshika kichupa kimoja cha kahawia. Hakukumbuka kukichukua.

Daktari Elisaria alimtundikia mgonjwa dripu, akampa vidonge vya kupunguza mwendo wa moyo, akatoka nje kwenye korido. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Wauguzi walipita. Mwanafunzi yule yule alikuwa amesimama na faili.

"Mzee wangu, nitakuuliza tena," alisema daktari, polepole. "Hakuna kingine?"

Leodegar alinyoosha mkono na kuufungua.

"Hiki," alisema. "Kila siku, tangu kabla ya Pasaka. Matone kumi. Kuanzia Agosti, matone kumi na sita. Nilimpa mimi. Na nilikudanganya. Yeye alijua ninadanganya, akaninyamazia."

Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi aliacha kuandika. Daktari alikigeuza kichupa, akasoma lile andiko la kigeni, na uso wake haukukunja hata mkunjo mmoja wa dharau. Alivuta benchi, wakaketi.

"Tezi hii ya shingoni ndiyo inayouambia mwili uende mwendo gani," alisema. "Inafanya hivyo kwa kutoa homoni, kidogo kidogo. Ikipunguza, mtu anapoa, ananenepa, anazubaa. Ikizidisha, kila kitu kinakimbia. Moyo unakimbia, tumbo linakimbia, chakula kinaungua kabla hakijawa nyama. Mtu anaona ana nguvu, kumbe anajila mwenyewe."

"Na madini joto ndiyo malighafi."

"Ndiyo. Umesema vizuri. Sasa rovu la mama limekua katika njaa ya madini hayo. Ndani yake kuna vinundu vilivyozoea kujifanyia kazi bila kusikiliza amri. Njaa ilikuwa imevifunga mikono. Wewe umevimwagia malighafi kwa ndoo."

Leodegar alikitazama kile kichupa mkononi mwake.

"Basi na chumvi ninayouza ni sumu?"

"Hapana, mzee. Iuze, tena isifie. Kilicho kwenye chumvi ni kipimo, kinamfaa karibu kila mtu. Karatasi ile ilisema kweli. Kilicho kwenye hiki si kipimo." Alikiweka kichupa mfukoni mwa koti lake. "Tutampa dawa ya kuituliza tezi. Itachukua wiki kadhaa hadi ionekane. Baadaye tutaangalia kama tunahitaji upasuaji. Lakini atapona. Ungesema wiki ijayo, nisingekuahidi hivyo."

*

Siku ya nne, saa za kutazama wagonjwa, Theopista alikuwa ameegemea mto akinywa uji. Kijiko kilikuwa bado kinatetemeka, ila uji haukumwagika. Leodegar alikaa kwenye stuli, kofia magotini.

"Ulijua nimedanganya," alisema.

"Si nilikuwapo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mume wangu hasemewi," alisema Theopista. "Nilikuachia uliseme mwenyewe. Sikujua utakawia hivyo."

Alimeza uji mara mbili tatu. Kisha akauliza, bila kumtazama: "Zile pakiti sitini. Nazo zilikuwa ugonjwa?"

Leodegar aliona kwamba hilo ndilo lililokuwa linamuumiza, zaidi ya sindano na zaidi ya moyo. Katika mtaa wa watu wanaokimbia alikuwa wa kwanza, na sasa anaambiwa miguu haikuwa yake.

"Haraka ilikuwa ya tezi," alisema. "Mshono ulikuwa wako. Ulinyooka miaka kumi kabla sijakupa hata tone moja. Matone yaliuharibu mkono wako, hayakuufundisha kitu. Na thelathini kwa saa, mwanamke, hakuna mtu Mchikichi nzima anayezifikia."

"Thelathini na mbili."

"Thelathini na mbili."

Theopista akacheka kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu ngazi. Ndipo Leodegar akatoa barua ya Ansbert mfukoni na kumpa. Alisoma taratibu. Alipofika kwenye ishirini na saba, akaisoma namba hiyo kwa sauti.

"Na mama yangu wa kwanza."

"Nitawaandikia kwamba dawa imekwisha sokoni."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Ansbert ni mhasibu, Baba Nice. Ukimwambia imekwisha Dar, ataiagiza Nairobi. Mwalimu amesema ni nzuri." Alimrudishia barua. "Utakata mbuzi Krismasi, na mwakani tutakwenda kumzika mama."

Aliporudi nyumbani Leodegar aliibeba katoni hadi kwenye karo la nyuma, akafungua vichupa kimoja kimoja, akavimwaga. Maji ya kahawia yalikwenda na pesa ya wiki mbili. Mwuza dawa alikuwa amekataa kuvipokea. Alisema bidhaa ikishatoka mezani imeolewa.

*

Aliandika kwenye meza ya chakula, Jumamosi mchana, dirisha limefunguliwa. Barua ya kwanza ilimlaumu mwuza dawa. Aliisoma, akaichana. Ya pili ililaumu karatasi ya bwana afya kwa ufupi wake, na ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na Nice, aliyeisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti, aligeuka, akaenda kuchota maji. Aliichana na hiyo. Ya tatu ilimchukua robo saa tu.

Theopista alikuwa amerudi tangu Alhamisi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, amejifunika khanga mabegani, na majirani waliopita walisimama kumtazama, maana hawakuwa wamemwona amekaa kwa miezi kadhaa.

"Nisomee," alisema.

Leodegar alisimama kama alivyosimama zamani mbele ya ubao, akasoma.

"Kwako shemeji Ansbert, na kwa Mama, na kwa jumuiya yote. Matone niliyowasifia wakati wa Pasaka msiyatumie. Mke wangu nusura afe kwa matone hayo, na aliyempa ni mimi. Mwuza dawa hakunidanganya, na bwana afya hakunielekeza. Nilisoma karatasi ya ukurasa mmoja nikajifanya daktari. Daktari wa kweli aliponiuliza mara ya kwanza, nilimficha kwa ajili ya aibu, na siku tano za aibu yangu zilimwangusha Theopista chini. Chumvi ya madini joto endeleeni kuitia chunguni kama kawaida, ni nzuri. Lakini kila mwenye rovu aende hospitali apimwe, na awahi yule anayekonda huku anakula, anayetetemeka mikono, anayetoka jasho kwenye baridi, ambaye moyo wake unakimbia akiwa amekaa. Mama atangulie. Kipimo chake nitakilipa mimi. Naomba barua hii isomwe mbele ya watu wale wale waliosomewa ile ya kwanza, yote, bila kuruka mstari. Mbuzi mkateni ninyi."

Theopista aliinyooshea barua kidole.

"Ile ya aibu," alisema. "Ungeweza kuiondoa. Hawatajua."

"Ningeweza."

"Basi iache." Akajivuta khanga. "Na ongeza kwamba mimi ni mzima, na kwamba nitakuja mwenyewe Desemba, wanitazame shingo. Andika kwa herufi kubwa, Mama macho hayaoni."

Akaongeza. Akaandika anwani kwenye bahasha, akavaa shati lake la kanisani, akatoka.

Watu wengi walituma barua za Moshi kwa makondakta wa mabasi, zikafika kesho yake. Leodegar alipita mbele ya ofisi za mabasi bila kupunguza mwendo. Barua ya basi hupotea, au hufunguliwa, au mtu husema haikufika. Aliingia posta, akapanga foleni.

"Rejesta," alimwambia karani.

"Kuna hundi ndani, mzee?"

"Hamna."

"Basi stempu ya kawaida itatosha. Rejesta ni gharama."

"Nataka anayeipokea atie sahihi."

Karani, dada mwenye miwani, aliinua mabega, akaichukua bahasha ili aipime, halafu akamrudishia chini ya kioo.

"Mzee, hujaifunga."

Leodegar aliitazama. Kweli, mdomo wa bahasha ulikuwa wazi, na ndani yake karatasi ilionekana, na juu ya karatasi mstari wa kwanza. Alikuwa ametembea nayo hivyo kutoka Mchikichi. Nyuma yake mtu alikohoa kwa kukosa subira. Pembeni ya dirisha palikuwa na sponji katika kibakuli cha maji. Akaivuta, akalowanisha gundi kutoka pembe moja hadi nyingine, akaukunja mdomo, akaubana kwa kiganja chote na kuuacha pale, taratibu, mpaka aliposikia kwamba imeshika. Kisha akaisukuma chini ya kioo.

Karani akaigonga mhuri mara mbili, akamkatia risiti, akaitupa ndani ya mfuko wa Moshi.